Chupa ya Shahidi

Vijana wa maabara mmenisumbua mwezi mzima niwaandikie jinsi tulivyosafisha udongo na maji ya chini ya ardhi kabla ninyi hamjaletewa vipimo vinavyosoma namba vyenyewe. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara sitavitaja, kwa sababu vimo kwenye faili langu na najua wengine mmeshalichungulia. Nitaandika kuhusu keekee moja, chupa kumi na mbili, kisima kimoja cha Shanwe, na wivu. Wivu ndio utakaochukua nafasi kubwa. Nimefanya kazi na wahandisi na wakemia wa kila aina, lakini aliyenifundisha kazi kuliko wote ni mtu niliyemwonea wivu hadi nikakosa usingizi.

Niliingia mradi wa visima mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ndani ya mkoa wa Rukwa na treni ya Tabora ikiwa ndiyo dunia yetu ya nje. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, mtoto wa muuza vitambaa, na nilikuwa na cheti cha ufundi sanifu ambacho nilikibeba siku ya kwanza kwenye bahasha ngumu kisije kikakunjika. Mzee Sikazwe, mkuu wetu, hakukiangalia. Alikuwa Mfipa mrefu, mpole wa maneno, aliyechimba visima tangu ujana wake. Alinipa keekee ya mkono, ile ya kutobolea udongo, akanionyesha mahali karibu na uzio na kuniambia nitoboe mpaka nikutane na unyevu, na kila kipande cha udongo nikipange juu ya gunia kwa mfuatano wake.

Nilitoboa mpaka saa kumi jioni. Akaja, akachuchumaa kando ya gunia, akauliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona udongo. Akasema basi kesho nitoboe shimo jingine. Ilikwenda hivyo siku nne, malengelenge mikononi yakipasuka na kuota upya, nikimchukia kimyakimya. Siku ya tano nilimwambia kuna udongo mwekundu mpaka usawa wa kiuno, kisha changarawe, kisha mfinyanzi wa kijivu wenye harufu ya chuma. Akatikisa kichwa kukubali. Akaniambia sasa naweza kuleta hiyo bahasha yangu.

Keekee ile haikuwa mali ya mradi. Ilikuwa yake mwenyewe, chuma cha zamani chenye mpini wa mninga aliouchonga kwa mkono wake, umelainika kwa jasho hadi unang'aa. Siku moja alisema atakapoondoka atamwachia anayejua kuisikiliza. Tulikuwa wawili tu chumbani, yeye na mimi, kwa hiyo nilijua anamsema nani. Kwa miaka mitatu niliitazama keekee ile ukutani kama mtu anavyotazama kiwanja alichokwisha kukilipia.

Ndipo akaja Odeta.

Alitoka makazi ya Katumba. Wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa bado mgongoni, na alikuwa amesoma mpaka pale shule ilipokubali kumsomesha. Aliajiriwa kama kibarua, kuosha vyombo vya maabara na kubeba sampuli. Nilimwonyesha bomba, sabuni na brashi, nikadhani habari yake imeishia hapo. Lakini siku hiyo hiyo Mzee Sikazwe akampa keekee, akampeleka kwenye uzio uleule. Jioni akachuchumaa kando ya gunia na kumuuliza ameona nini. Odeta akataja matabaka matano, mimi ambaye mpaka siku ya tano niliyaona matatu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba tabaka la nne lina ladha tofauti na la tatu. Alikuwa ameonja.

Mzee akacheka. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mitatu sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Tangu hapo nikaanza kuhesabu. Mimi aliniita Bakari, yeye alimwita mama. Daftari langu alilisoma kwa macho, la Odeta alilisoma kwa sauti. Chai ikija, kikombe cha kwanza kilielekea upande ule. Nilinunua daftari jipya lenye jalada gumu, nikaanza kuandika kwa herufi za kupendeza, na Mzee akaniuliza kama nina mtihani. Mke wangu Zuhura, aliyekuwa akiuza asali kwenye kibanda pale Majengo, alinisikiliza wiki mbili, kisha akaniambia kwamba jina la huyo mwanamke nimelitaja nyumbani kuliko la watoto wangu. Nilikasirika. Kama ningekuwa namtamani, ningejua la kufanya na nafsi yangu. Mimi nilitamani masikio yake, ulimi wake, na namna alivyonyamaza mbele ya udongo kama mtu anayesubiri kuambiwa neno.

Kisima chenyewe kilikuwa cha Bi Hadija, mjane wa Shanwe. Marehemu mumewe alikichimba kwa mkono, akakijengea kwa mawe, na mtaa mzima ulichota hapo bila kuulizwa. Upande wa juu, hatua kama mia mbili, palikuwa na yadi ya nguzo za mbao. Walikuwa wakichovya nguzo kwenye shimo la kreosoti, ile dawa nyeusi inayozuia mchwa. Mwenye yadi alikuwa ameshafunga na kuondoka, akatuachia shimo. Mvua zilipita, dawa ikashuka ndani ya ardhi, na siku moja Bi Hadija akaja ofisini na ndoo kichwani. Aliitua mbele ya Mzee Sikazwe akasema maji yake yameanza kunuka kama chumba cha sindano, kwa mbali.

Nilitumwa mimi. Nikafanya kile tulichofundishwa kukifanya kwa kila kisima kinacholalamikiwa: nikatia klorini, dozi kamili, nikaagiza wasubiri siku moja. Wiki iliyofuata Bi Hadija alirudi bila ndoo. Alisema sasa hata mbuzi wanayakataa.

Odeta alikwenda kukaa na wanawake kisimani asubuhi nzima. Hakupima chochote, aliuliza tu. Aliporudi alimwambia Mzee kwamba ladha ile mbaya ilianza siku ya pili baada ya klorini, si kabla. Kabla ya hapo ilikuwa harufu ndogo tu, ya kuja na kuondoka. Akasema yeye anaona uchafu umefika kisimani kidogo sana, na klorini ndiyo iliyoungana nao na kuukuza kwenye ulimi. Kwa hiyo kisima bado kinaweza kuokolewa, mradi uchafu ule mkubwa uzuiwe huko juu kabla haujashuka. Aliyasema hayo bila kunitaja. Kila mtu mle ndani alijua klorini ilitiwa na nani.

Mzee Sikazwe alikuwa ametoka semina, na treni ilikuwa imetuletea mapipa mawili ya pamanganeti ya potasiamu. Ni yale mawe madogo ya zambarau ambayo hospitali walikuwa wakioshea vidonda. Ninyi leo mnaiita oksidesheni na mnaichorea michoro. Mzee alitueleza kwamba dawa ile inakwenda kuuchoma uchafu bila moto. Unaiyeyusha, unaimimina kwenye mashimo yaliyotobolewa kuvuka njia ya maji, na kule chini inakutana na uchafu, inautia oksijeni na kuuvunjavunja. Rangi ya zambarau inapotea kadiri dawa inavyotumika, na inabaki kahawia. Lakini dawa haichagui. Inakula uchafu, inakula mizizi iliyooza, inakula chochote chenye asili ya uhai. Kwa hiyo kabla ya kumimina lazima ujue udongo wako una njaa kiasi gani.

Njia ya kujua ilikuwa chupa. Unaweka udongo, maji, na dawa iliyopimwa, unaweka dirishani, unasoma rangi kila asubuhi. Udongo mchafu unaimaliza rangi upesi, msafi unaiacha. Na katika kila kundi la chupa, Mzee alitutaka tuweke moja yenye maji safi na dawa peke yake, bila udongo. Hiyo aliiita chupa ya shahidi. Yenyewe haina njaa, kwa hiyo lazima ibaki na rangi. Ikipoteza rangi, kuna kitu hujakiona, na chupa zako zote zinasema uongo.

Akatugawia kazi. Mimi nipime udongo wa juu, karibu na yadi. Odeta apime wa chini, pembeni mwa kisima. Udongo wa Odeta ukila rangi kidogo, basi yuko sahihi, kisima kinaokolewa. Ukila sana, basi uchafu umekwishatamalaki pale, na kisima kifukiwe watu wasije wakanywa sumu. Mzee mwenyewe aliondoka wiki hiyo kwenda Inyonga kwenye visima vingine, akaniachia ufunguo wa maabara.

Chupa za kioo hatukuwa nazo za kutosha, nikasema nitaleta za nyumbani. Zuhura alikuwa na chupa nyeupe za pombe kali alizokuwa akijazia asali, akanitolea kumi na mbili. Sita alizisugua yeye mwenyewe kwa maji ya moto na mchanga. Sita nilizisuuza mimi kwenye bomba la uani, maji baridi, mara mbili, kwa sababu nilikuwa nachelewa. Nilipofika kazini nilichukua zile za Zuhura, na nyingine nikampa Odeta. Naapa mpaka hapo sikufanya kusudi. Nilichagua zilizong'aa zaidi, kama mtu yeyote mwenye tabia kama yangu angefanya.

Odeta hakuzipokea hivihivi, aliziosha tena. Lakini asali ikigandia kwenye bega la chupa, pale chini ya shingo, brashi yetu iliyonyooka haikuweza kupafikia. Nami nililijua hilo. Nimekula asali Mpanda tangu sijaota meno.

Asubuhi iliyofuata nilifungua maabara saa kumi na mbili na nusu. Chupa zangu dirishani zilikuwa zimefifia kama nilivyotarajia, na shahidi wangu alikuwa zambarau ya kupendeza. Chupa za Odeta zote zilikuwa kahawia. Na shahidi wake, mwenye maji matupu, alikuwa kahawia vilevile. Kando ya kifuniko chake sisimizi walikuwa wamejipanga, wanazunguka, wanaingia kwenye nyuzi za kifuniko na kutoka.

Nilielewa palepale. Niliwapangusa wale sisimizi kwa kiganja. Kwa dakika nzima nilikuwa na nia ya kumsubiri Odeta mlangoni nimwambie, na hata maneno niliyapanga. Halafu nikamwona kichwani mwangu Mzee Sikazwe amerudi, anasikiliza jinsi Odeta alivyomgundua shahidi mbovu, anacheka yale meno ya nyuma. Na klorini yangu nayo ingebaki kuwa kosa langu. Nikafungua kopo la pamanganeti, nikachota chembe kwa kidole gumba na cha shahada, nikazitia kwenye chupa ya shahidi wake na kuitikisa. Ikawa zambarau. Shahidi alikuwa mzima, kwa hiyo chupa nyingine zote zilikuwa zinasema kweli.

Odeta alikuja saa mbili, akasoma, akaandika. Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu.

Sikujua kwamba asali ingeendelea kula. Asubuhi ya pili shahidi alikuwa kahawia tena, ikabidi nimlishe. Ya tatu pia. Nilikuwa nawahi kazini kuliko muezini kuwahi adhana, na Zuhura akanisifu kwa bidii. Pamanganeti inaacha doa la kahawia kwenye ngozi, mnalijua, kwa sabuni halitoki mpaka ngozi ichubuke. Mikono yetu sote ilikuwa na madoa ya siku nyingi, kwa hiyo la kwangu lisingeonekana. Lakini mimi nililiona. Nililiona nikila, niliona Zuhura analiona. Siku ya tatu nilikata ndimu nne, nikasugua mkono wa kulia mpaka ukawa mweupe kama wa bwana harusi.

Ijumaa Mzee alirudi. Odeta alimsomea namba mwenyewe, moja baada ya nyingine.

"Namba zinasema nimekosea, mzee," akasema.

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo kwa miezi. Ilipokuja haikunipa raha niliyoitegemea. Mzee hakucheka, hakukasirika. Aliuliza kuhusu shahidi, Odeta akajibu kwamba ana rangi, akamkabidhi daftari. Mzee akafunga mkutano kwa kusema kisima kitafukiwa Jumatano, na kwamba Bakari ataenda kumwarifu mwenye kisima.

Nilikwenda Jumamosi. Bi Hadija alinikaribisha kwenye mkeka, akanisikiliza bila kunikatiza. Mume wake alichimba kisima kile mwaka waliooana, akatumia kiangazi kizima, na jiwe la mwisho aliliweka yeye Bi Hadija. Aliniambia hayo kwa utulivu kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akauliza yule binti wa Katumba anasemaje, kwa sababu alimwambia kitapona.

"Amepima, bibi. Amekubali alikosea."

"Basi kama yeye amekubali, nami nakubali," akasema. "Nyie wengine mngesema nisingewaamini. Ila jiwe la juu nitaling'oa mwenyewe, baba. Msilitupie tingatinga."

Nimewahi kutukanwa kazini, nimewahi kufukuzwa na mbwa nikiwa na sampuli mkononi. Hakuna kilichoniuma kama hilo la kuaminiwa yeye hata katika kosa ambalo hakulifanya. Ndiyo, hata pale kwenye mkeka wa mjane, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa wivu. Aibu ilifuata baadaye, nikiwa njiani.

Jumatatu asubuhi Mzee Sikazwe aliniita mezani kwake peke yangu. Daftari la Odeta lilikuwa wazi. Aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza, ya kahawia kama magome, akaniambia niweke na yangu. Nikaiweka. Wa kushoto ulikuwa kama wa kwake. Wa kulia ulikuwa umetakata.

"Ndimu au chungwa?" akauliza.

"Ndimu, mzee."

Akaligeuza daftari upande wangu. Chini ya kila kipimo, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, Odeta alikuwa ameongeza mstari mmoja. Siku ya kwanza: shahidi ana rangi, ana mashapo kidogo chini. Siku ya pili: mashapo yameongezeka. Siku ya tatu: yameongezeka tena. Yale mashapo ya kahawia ambayo dawa huyaacha ikishatumika, yalikuwa chini ya chupa yenye maji matupu, yanakua siku hadi siku, na mimi kwa kuangalia rangi tu sikuwahi kuitazama chini.

Nilingoja aulize kwa nini. Hakuuliza. Alisema kipimo cha kisimani kitarudiwa na nitakirudia mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa keekee yake. Chupa nitaziosha mimi. "Shahidi atakaa hapa mezani kwangu," akasema, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Nilitoboa mashimo matatu pale Shanwe, Bi Hadija akinitazama kutoka barazani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoboa kwa keekee ile bila kufikiri itakuwa yangu lini, na labda kwa sababu hiyo niliisikia: mkwaruzo wa changarawe, halafu ule ukimya wa mfinyanzi. Nilinusa kila kipande. Kwa mara ya kwanza maishani nikaonja. Odeta alikuwa sahihi, kulikuwa na uchungu mwembamba sana, wa mbali, kwenye tabaka moja tu. Chupa nilizichemsha, nikazisugua kwa mchanga na kokoto ndogo mpaka Zuhura akauliza kama kuna msiba.

Asubuhi ya Jumanne rangi ilikuwepo. Jumatano, siku ambayo kisima kilikuwa kifukiwe, bado ilikuwepo. Udongo wa Bi Hadija ulikuwa umekula kidogo tu, na shahidi mezani kwa Mzee alikuwa safi mpaka chini. Niliandika namba zilizomthibitisha Odeta, kwa mkono wangu, kwenye daftari langu lenye jalada gumu. Kalamu ilikuwa nzito. Mzee alizisoma kwa sauti, ndiyo mara pekee alipowahi kulisoma daftari langu kwa sauti, na hata siku hiyo alikuwa anamsoma Odeta.

Tulitoboa safu ya mashimo chini ya yadi, tukamimina dawa kutoka kwenye mapipa kwa mpira, polepole, kwa wiki kadhaa. Lile shimo la kreosoti tulilichimbua, udongo wake mweusi tukauchanganya na dawa kwa koleo juu ya sakafu ya saruji, tukiwa na glavu na miwani, tukirudia na kurudia. Haikuwa kazi safi wala ya haraka. Kuna sehemu nzito za mafuta yale ambazo dawa iliishia kuzikwaruza juu juu, tukalazimika kuzihamisha, na atakayewaambia kwamba pamanganeti inamaliza kila kitu hajaishika. Klorini hatukutia tena. Mvua mbili zilipita. Siku tuliyowaruhusu wachote, Bi Hadija alimpa Odeta kata ya kwanza aonje, na mimi nikapewa ya pili.

Mzee Sikazwe alipostaafu, mwishoni mwa miaka ya tisini, alishusha keekee ukutani mbele yetu sote na kumpa Odeta. Alikuwa na haki. Nilipiga makofi kuliko wote, na nilipofika nyumbani nilikaa uani mpaka Zuhura akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa. Pamoja na kosa lote nililolifanya, kuna kona ya moyo wangu iliyokuwa bado inaamini kwamba keekee ile ni yangu.

Kwa Odeta sikuwahi kutubu kwa maneno. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, akaandikishwa kazi ya kudumu, akapata uraia, akasoma, na ninyi wengi mnamjua kama mkuu wenu. Nilijiambia kwamba Mzee hakumwambia, kwa hiyo hajui. Nilimletea asali kila msimu. Alikuwa akipokea na kushukuru, akimsalimia wifi yake.

Mwezi uliopita mliponiaga pale maabara, baada ya hotuba, alinivuta pembeni akanipa boksi dogo. Ndani kulikuwa na chupa nyeupe ya pombe kali, kifuniko kimezungushiwa nta. Kwenye karatasi iliyobandikwa kulikuwa na mwandiko wangu wa kupendeza: Shahidi, Shanwe, B. Ni ile iliyokaa mezani kwa Mzee Sikazwe; alimwachia Odeta pamoja na keekee, naye aliitunza kabatini gizani miaka yote hiyo. Nikaiinua dirishani. Ilikuwa imefifia, lakini bado ya waridi, na chini yake palikuwa na vumbi jembamba tu la miaka.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Siku ya pili, kaka Bakari. Mashapo, na sisimizi mmoja ulimsahau."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mimi kibarua wa Katumba, wewe mwajiriwa mwenye ufunguo. Ningesema, wangesikia Katumba tu, wasinisikie mimi. Nikaandika, kwa sababu daftari lilisomwa hivyo hivyo lilivyo." Akatabasamu. "Halafu nilikuwa nasubiri useme wewe. Nimesubiri mpaka umestaafu."

Nikamwambia. Pale pembeni, ninyi mkigawana keki, nikamwambia yote, kuanzia bomba la uani hadi ndimu ya nne. Alisikiliza kama anavyousikiliza udongo. Nilipomaliza alinipa mkono wa kwaheri, nami nikaushika kwa mikono yangu miwili. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye kucha, kwa sababu wiki hiyo mlikuwa mnamimina dawa kule Mwamkulu. Vyangu vilikuwa vyeupe kabisa, vyote kumi, safari hii bila ndimu, vya mtu asiye na kazi. Nikavitazama vyake, nikaona wivu.